Pumzi na Moyo: Somo juu ya Kumsaidia Mgonjwa wa Mapafu

Katika lugha yetu neno kupumzika lina ukoo mmoja na neno pumzi. Mtu aliyechoka kwa jembe au kwa safari huambiwa, "Kaa kitako upumzike," maana wazee waliotuachia lugha hii waliona ya kuwa raha ya kwanza ya mwanadamu ni kuvuta pumzi kwa utulivu. Sasa na tufikiri hali ya mtu ambaye pumzi yenyewe ndiyo kazi yake ngumu. Aketipo anafanya kazi, alalapo anafanya kazi, na apandapo ngazi tatu za nyumba yake ni kama aliyebeba gunia la mahindi. Mtu huyu atapumzika wapi?

Swali hili si la matabibu peke yao. Lamhusu mgonjwa mwenyewe, na lamhusu kila mwenye mzazi, jirani au rafiki anayeishi na maradhi ya mapafu ya muda mrefu. Wengi wetu hudhani ya kuwa dawa ndiyo matibabu, na kwamba maneno mema, matembezi na kumsikiliza mgonjwa ni hisani inayoongezwa juu yake kama sukari katika chai. Katika somo hili twataka kuonyesha ya kuwa sivyo hivyo. Kuutuliza moyo wa mgonjwa wa mapafu ni sehemu ya matibabu yenyewe, na sehemu kubwa ya kazi hiyo yaweza kufanywa nyumbani na watu wa kawaida.

Maradhi yenyewe

Mapafu ya mtu mzima yana vifuko vidogo vya hewa vinavyokadiriwa kufikia milioni 300 au zaidi. Katika vifuko hivyo hewa safi huingia katika damu na hewa chafu hutoka. Yako maradhi mbalimbali yanayoiharibu kazi hii kwa miaka mingi. Kwanza ni ugonjwa sugu wa kuziba njia za hewa, ambao hubana mirija na kuharibu vifuko, na uharibifu wake hauondoki kabisa. Pili ni pumu, ambayo huja na kwenda lakini yaweza kumfuata mtu maisha yake yote. Tatu ni makovu yanayoachwa na kifua kikuu. Nne ni madhara ya vumbi la mawe kwa wachimbaji wa migodi na wapasuaji wa kokoto.

Shirika la Afya Duniani limeeleza ya kuwa katika mwaka 2021 ugonjwa sugu wa kuziba njia za hewa peke yake uliua watu wapatao milioni 3.5. Katika wale waliokufa kwa ugonjwa huo kabla ya kufikia umri wa miaka 70, karibu tisa katika kila kumi walikuwa wa nchi zenye kipato cha chini na cha kati. Sababu zake pia hutofautiana. Katika nchi tajiri, tumbaku ndiyo iliyoleta ugonjwa kwa zaidi ya wagonjwa saba katika kumi. Katika nchi zisizo tajiri tumbaku ni sababu kwa watatu au wanne tu katika kumi, na moshi wa majikoni una sehemu kubwa. Hivyo mama ambaye hajatia sigara mdomoni hata siku moja, lakini amepika kwa kuni miaka thelathini katika jiko lisilo na dirisha, aweza kuwa na mapafu kama ya mvutaji wa siku nyingi.

Kuhusu kifua kikuu, zamani watu walidhani ya kuwa mgonjwa akimaliza dawa zake, aghalabu za miezi sita, mambo yamekwisha. Ni kweli kwamba vijidudu huwa vimekufa, lakini mapafu ya wengi hubaki na makovu, na pumzi hairudi kama ilivyokuwa. Mwezi wa Julai 2019 wataalamu walikutana Stellenbosch, Afrika Kusini, katika mkutano wa kwanza wa kimataifa uliohusu maisha ya mtu baada ya kupona kifua kikuu. Basi mtu asishangae akiona ndugu yake ameandikiwa "amepona" na bado anatweta akienda kisimani.

Kwa nini moyo huumia pamoja na mapafu

Njaa mtu aweza kuistahimili kwa siku kadhaa, na kiu kwa saa nyingi. Bali pumzi hatuwezi kuikosa hata kwa dakika chache. Kwa sababu hiyo mwili umeumbwa uone upungufu wa hewa kuwa hatari iliyo kubwa kuliko zote. Mtu akikosa pumzi hushikwa na hofu kabla hajapata nafasi ya kufikiri. Hofu hiyo si udhaifu wa tabia wala upungufu wa imani. Ni kengele iliyowekwa ndani ya kila mwanadamu.

Lakini kengele hii yaweza kumdhuru mgonjwa wa mapafu. Mwenye hofu hupumua haraka na juu juu. Kwa mtu mwenye njia nyembamba za hewa, hewa ya kwanza haijapata muda wa kutoka, naye avuta nyingine juu yake. Kifua hujaa kama debe lililofurika, lisiloweza kupokea tone jingine. Mgonjwa aona anakabwa, hofu yaongezeka, na kupumua kwake kwazidi kuwa kwa haraka. Hivyo kutweta huzaa hofu, na hofu huzaa kutweta.

Uko na mzunguko wa pili, ambao ni wa polepole na haupigi kelele. Mgonjwa akiisha kuonja tisho hilo mara mbili au tatu, huanza kukimbia kila kinacholileta. Huacha kwenda sokoni, kisha huacha kwenda msikitini, kisha hukataa hata mwaliko wa arusi ya mtoto wa nduguye. Miguu isiyotembea hudhoofika, na miguu dhaifu hudai pumzi nyingi zaidi kwa kazi ile ile. Baada ya miezi michache kilichokuwa kigumu kimekuwa hakiwezekani. Mtu amebaki kitandani, peke yake, akihesabu mbao za dari.

Hapo ndipo huingia sonona, yaani huzuni nzito isiyoondoka. Wataalamu waliojumlisha chunguzi mbalimbali mwaka 2011 walikuta ya kuwa karibu mmoja katika kila wagonjwa wanne wa ugonjwa sugu wa kuziba njia za hewa alikuwa na sonona, ilhali kwa wasio na ugonjwa huo ilikuwa kama mmoja katika kila wanane au tisa. Na huzuni hiyo haikai moyoni tu. Mwenye sonona husahau dawa, hapendi kula, hashiki shauri la kuacha tumbaku, na haoni faida ya kwenda hospitali. Jambo lililoanza katika mapafu limepita moyoni, na kutoka moyoni limerudi katika mapafu.

Asiseme mtu, "Kumbe basi ugonjwa huu ni wa mawazo tu!" Mirija iliyobanwa imebanwa kweli, na makovu huonekana katika picha za kifua. Tusemalo ni kwamba mgonjwa ana mizigo miwili, nasi twaweza kumtua mmoja hata pale ambapo wa pili hautuki.

Aibu na lawama

Kabla ya kueleza namna ya kusaidia, hapana budi tutaje mambo matatu ambayo watu humfanyia mgonjwa kwa kutojua.

La kwanza ni kumtenga. Kikohozi hutisha watu. Aliyeugua kifua kikuu hutengewa kikombe chake na sahani yake, na pengine wajukuu hukatazwa kumkaribia hata miaka mingi baada ya kupona. Yafaa kila nyumba ijue ya kuwa aliyepona kifua kikuu haambukizi, na makovu hayahami kutoka kifua cha mtu mmoja kwenda kwa mwingine. Pumu nayo haiambukizi, wala ugonjwa sugu wa kuziba njia za hewa. Hata hivyo kifua kikuu chaweza kumrudia mtu. Kwa hiyo akipata homa, jasho la usiku, kukonda, au kikohozi kipya kilichodumu wiki mbili, apelekwe kupimwa tena. Kupima ni hekima, lakini kumtenga mtu asiye na ugonjwa ni kumdhulumu.

La pili ni kumlaumu. Mzee aliyevuta sigara miaka arobaini huambiwa, "Umejitakia mwenyewe." Twakubali ya kuwa tumbaku imemdhuru, na kwamba kuiacha humsaidia katika umri wowote, maana uharibifu wa mapafu hupunguza mwendo. Lakini tumbaku ina kileo kinachoufunga mwili, na lawama haijamfungua mtu. Mwenye kulaumiwa huvuta kwa kujificha, hudanganya mbele ya daktari, na hufika hospitali akiwa amechelewa. Afadhali aambiwe, "Baba, tutaiacha pamoja. Leo tuanze kwa kuondoa viberiti na visahani vya majivu humu ndani."

La tatu ni kumwambia ya kuwa ugonjwa wake ni adhabu kutoka kwa Mwenyezi Mungu. Moshi huingia katika kifua cha mcha Mungu kama uingiavyo katika kifua cha mwasi, na vumbi la mgodini halimwulizi mtu dini yake. Nani alitupa sisi ufunguo wa kusoma hukumu za Mungu katika kikohozi cha jirani?

Kumfundisha mgonjwa kuitawala pumzi

Sasa tuje kwenye msaada wenyewe. Wa kwanza ni maarifa, kwa sababu hofu hupungua sana pale mtu ajuapo la kufanya. Pumzi inapombana, mgonjwa afuate hatua hizi.

Kwanza, aketi, ainame mbele kidogo, na aegemeze viwiko juu ya magoti au juu ya meza, huku mabega yamelegea. Kukaa namna hii huwapa nafasi misuli ya kifua.

Pili, avute hewa kwa pua polepole akihesabu moja, mbili. Kisha aitoe kwa midomo iliyokazwa kidogo, kama mtu apozaye chai ya moto, akihesabu moja mpaka nne. Kutoa hewa hivi huzuia mirija isijifunge mapema, na hewa iliyokwama hupata njia ya kutoka. Asilazimishe wala asipulize kwa nguvu.

Tatu, apepewe usoni. Mwaka 2010 matabibu wa Uingereza walitangaza matokeo ya kujaribu pangaboi dogo la mkononi, wakaona ya kuwa upepo unaoelekezwa usoni ulipunguza taabu ya kukosa pumzi kuliko upepo ulioelekezwa mguuni. Neva za uso hupeleka habari ya hewa baridi kwenye ubongo, nao hutulia. Pepeo la ukili la bibi zetu latosha kabisa kwa kazi hii.

Nne, atumie dawa ya kuvuta aliyoandikiwa, kwa namna aliyofundishwa na mwuguzi au daktari.

Na aliye karibu naye afanye nini? Apunguze maneno. Asimzunguke mgonjwa na kundi la watu wanaolia, wala asimwulize maswali yanayohitaji jibu refu. Akae mbele yake, apumue taratibu pamoja naye, aseme kwa sauti ya chini, "Toa pole pole. Niko hapa." Utulivu wa mtu mmoja huambukiza kama ambavyo hofu ya mtu mmoja huambukiza.

Mambo haya yafundishwe siku ya amani. Baharia hafundishwi kuogelea siku ya dhoruba. Mgonjwa ayafanyie mazoezi kila siku akiwa mzima, mpaka mwili uyazoee.

Tena ziko dalili ambazo hazingojei mazoezi. Midomo au kucha zikigeuka rangi kuwa za bluu au kijivu, mgonjwa akishindwa kumaliza sentensi moja, akichanganyikiwa au kusinzia isivyo kawaida, akitoa damu katika kikohozi, akipata maumivu makali ya kifua, au dawa yake ya kuvuta isipomletea nafuu, apelekwe hospitali mara moja. Katika hali hiyo asiambiwe na mtu yeyote kwamba ni hofu tu.

Kutembea tena

Msaada wa pili ni mwendo. Kwa miaka mingi wagonjwa wa mapafu waliamriwa kupumzika na kutojisumbua. Katika mwaka 1952 daktari Alvan Barach wa New York na wenzake walishauri kinyume chake, kwamba wagonjwa wazoezwe kutembea. Shauri lao lilichukua muda kukubaliwa. Leo jambo hili limethibitishwa: mwaka 2015 wataalamu walijumlisha majaribio 65 yenye wagonjwa 3,822, wakakuta ya kuwa mafunzo ya mazoezi hupunguza kutweta na uchovu, huinua hali ya moyo, na humpa mgonjwa hisia ya kwamba yeye ndiye anayeutawala ugonjwa wake.

Pengine msomaji atasema, "Hayo ni ya Ulaya na Marekani, kwenye mashine na vyumba vya pekee." Basi na tuangalie karibu. Huko Kampala, katika hospitali ya Mulago, matabibu wa Uganda pamoja na wenzao wa Uingereza waliwaandalia mazoezi watu waliobaki na mapafu mabovu baada ya kifua kikuu. Mafunzo yalikuwa mara mbili kwa wiki kwa muda wa wiki sita, mazoezi ya mwili pamoja na elimu. Katika matokeo yaliyotangazwa mwaka 2017, watu 34 walianza na 29 wakamaliza, na waliomaliza waliweza kutembea mbali zaidi kuliko mwanzo. Watu hao hawakupewa mapafu mapya. Makovu yao yalibaki pale pale; kilichobadilika ni miguu, maarifa na ujasiri.

Nyumbani jambo hili laweza kuanza kwa udogo, baada ya daktari kumpima mgonjwa na kuridhia. Leo atembee mpaka mwembe ulioko uani, apumzike, arudi. Wiki ijayo aongeze hatua chache. Kipimo chake ni hiki: akitembea atweta kidogo, lakini bado aweza kusema maneno machache. Asipoweza kusema, amezidisha. Anayemsindikiza aende kwa mwendo wa mgonjwa, asimtangulie. Kumtangulia mgonjwa hatua kumi na kumngojea huku umesimama kiunoni ni kumkumbusha kila mara ya kwamba amechelewa.

Pamoja na mwendo mgonjwa apewe kazi. Watoto wema mara nyingi humpokonya mzazi wao kila kitu: "Mama, keti, usiguse." Wadhani wanamheshimu, kumbe wanamwambia ya kwamba nyumba yaweza kwenda bila yeye. Mama huyu aweza kumenya viazi akiwa ameketi mbali na moshi, kuchambua maharage, kuwasomesha wajukuu, au kushika hesabu ya duka. Mwenye jambo la kufanya asubuhi ana sababu ya kuamka.

Kumsikiliza

Msaada wa tatu ni sikio. Katika mwaka 2006 daktari wa maradhi ya akili wa Zimbabwe, Dixon Chibanda, alianza kazi na bibi 14 katika mtaa wa Mbare mjini Harare. Zimbabwe ilikuwa na madaktari wachache mno wa namna yake, naye akaona ya kuwa bibi hao wanaaminiwa na watu, hawahami mtaani, na wanajua kusikiliza. Walifundishwa kukaa na mwenye taabu juu ya benchi nje ya zahanati. Hawakutumia majina ya kigeni ya maradhi, walitumia neno la Kishona kufungisisa, yaani kufikiri kupita kiasi, ambalo ni ndugu ya maneno yetu "ana mawazo." Kazi yao ilikuwa na hatua tatu: kufungua mawazo, kuinua, na kutia nguvu. Mgonjwa alisema matatizo yake yote, akachagua moja, na bibi akamsaidia kupata njia ndogo ya kulianza. Majaribio yaliyotangazwa mwaka 2016 yalionyesha ya kuwa baada ya miezi sita watu hao walikuwa na dalili chache za sonona kuliko wale waliopata huduma ya kawaida.

Benchi hilo liliwekwa kwa ajili ya kila aliyelemewa na mawazo, lakini somo lake lamfaa sana mgonjwa wa mapafu. Tusimwambie, "Jikaze," wala "Wapo wenye hali mbaya kuliko yako." Maneno hayo humfunga mdomo. Tumwulize, "Leo jambo gani limekuwa zito kuliko mengine?" kisha tunyamaze mpaka amalize, ijapokuwa anasema kwa vipande kwa sababu ya pumzi. Pengine tutashangaa. Sisi twadhani anaogopa kufa, naye anaona haya kukohoa mbele ya watu, au anawaza karo ya mtoto, au anaogopa usiku kwa sababu amelala chumba cha peke yake. Haya ya mwisho yana dawa. Kitanda chaweza kuhamishwa, na kengele ndogo yaweza kuwekwa karibu na mto wake.

Yako maswali mawili yafaayo kuulizwa kwa kila mgonjwa wa muda mrefu. Je, katika wiki mbili zilizopita umekuwa na huzuni au kukata tamaa mara kwa mara? Je, umepoteza hamu ya mambo uliyokuwa ukiyapenda? Akijibu ndiyo, daktari au mwuguzi aambiwe, kwa maana sonona ina matibabu. Akisema ya kuwa afadhali afe, au kwamba amekuwa mzigo, tusibadili mazungumzo. Tumwulize kwa upole na waziwazi kama anawaza kujiua. Kuuliza hakumtii wazo hilo, bali humfungulia mlango wa kulitoa. Akikiri, asiachwe peke yake, na apelekwe hospitali siku hiyo hiyo.

Ibada ya mgonjwa

Wagonjwa wengi Waislamu huumia kwa jambo ambalo daktari huenda asilijue. Mtu aliyezoea kusimama safu ya mbele hujiona amepungukiwa mbele ya Mola wake anaposhindwa kusimama na kurukuu. Hapa wanaoingia Islam karibuni wafahamu vizuri mafundisho ya dini. Asiyeweza kusali kwa kusimama husali kwa kuketi, na asiyeweza kuketi husali akiwa amelala. Wala hiyo si sala nusu. Mgonjwa ameruhusiwa kutofunga, akalipa siku nyingine apatapo afya, na ambaye ugonjwa wake hautazamiwi kuondoka hulisha maskini. Basi mwenye kuacha dawa zake za mchana ili afunge, hata akazidiwa, ametafuta mzigo ambao hakutwishwa.

Nasi tulio wazima twajua ya kuwa kumzuru mgonjwa ni haki aliyo nayo juu yetu. Haki hiyo ina adabu zake. Ziara iwe fupi. Mwenye mafua au homa asubiri apone, kwa maana mafua mepesi kwetu yaweza kumlaza yeye hospitali. Tusiwashe udi wala ubani chumbani mwake kwa nia ya kumfurahisha, maana moshi wa manukato ni moshi. Tusivute tumbaku, tusipulize marashi makali. Na tukiondoka tumwambie siku tutakayorudi, kisha tuitimize.

Wenye kuuguza

Tusimsahau mke, binti au mwana ambaye huamka kila usiku akisikia kikohozi. Yeye pia hupungukiwa usingizi, hukasirika, kisha hujuta kwa kukasirika. Jamaa wagawane zamu. Jirani akikaa na mgonjwa saa mbili tu kwa juma, ili mwuguzaji aende sokoni au alale, ametoa sadaka kubwa.

Maswali na majibu

Swali: Je, si kumdanganya mgonjwa kumpa matumaini, ilhali mapafu yake hayataponyeka?
Jibu: Kumwambia, "Kesho utapona," ndiko kumdanganya. Matumaini ya kweli ni kumwambia lililo kweli: makovu yatabaki, bali mwezi ujao waweza kufika mpaka kwa jirani ambako leo hufiki.

Swali: Mgonjwa akijifunza kutuliza moyo na kupumua, aweza kuacha dawa?
Jibu: La, hasha. Mambo haya huenda pamoja. Asiache wala kupunguza dawa bila ya shauri la daktari.

Swali: Mwenye imani ya kweli aweza kupatwa na huzuni nzito?
Jibu: Aweza. Kurani Tukufu yatueleza habari za Nabii Yakubu, amani iwe juu yake, aliyehuzunika kwa kumkosa Yusufu hata macho yake yakapofuka kwa huzuni. Naye alikuwa nabii. Alimshitakia Mungu huzuni yake, wala hakukata tamaa. Huzuni haimtoi mtu katika imani, na kutafuta matibabu yake hakupunguzi tegemeo lake kwa Mungu.

Ndugu msomaji, huenda hukusomea utabibu, wala huna fedha ya kununua mashine. Lakini waijua njia ya kwenda kwa yule mzee ambaye kikohozi chake husikika usiku. Juma hili nenda ukakae naye. Mfundishe kupoza chai isiyokuwapo, tembea naye mpaka mwembeni, na umwulize lililo zito. Mwenyezi Mungu awape wagonjwa wetu nafuu na subira, na atujaalie sisi kuwa sababu ya utulivu wao. Amin.